Vinasaba visiishie Msamvu

Mhariri,

Lori la mafuta lilipolipuka hapa Morogoro, eneo la Msamvu, tarehe 10 Agosti 2019 na kuua watu zaidi ya 100, miili isiyotambulika ilichukuliwa sampuli za vinasaba. Sheria ya vinasaba vya binadamu tunayo tangu 2009. Lakini binti akibakwa huko milimani Uluguru, Kinole au Mgeta, hushuka kutafuta fomu ya polisi ya PF3 na daktari, masika njia zikiwa tope. Akifika ameshaoga, nguo zimefuliwa, na vinasaba vya mbakaji vimepotea. Mahakamani anabaki na mdomo wake tu. Inauma sana!

Namwomba Mkemia Mkuu wa Serikali awafundishe wahudumu wa zahanati za milimani kuchukua na kutunza sampuli. Nanyi wazazi wenzangu, nguo za mtoto aliyebakwa msizifue: zitieni kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, mzipeleke polisi siku hiyohiyo.

Mzazi,
Kilakala, Morogoro