Shika Ncha

Mpiga eksirei alitoka, akamtazama senje, akarudi ndani. Akatoka tena.

"Mama, huu mrija wa shingo nauona. Lakini hii nyingine ni nini?"

Senje alikuwa amekuja kwa sababu ya kikohozi. Kwenye picha, mrija ulianzia upande wa kulia wa shingo na kuishia karibu na moyo, pale unapotakiwa kuishia. Ila kulikuwa na mstari mwingine, mweupe, mwembamba, uliopita mwisho wa mrija, ukapita moyo, ukashuka hadi usawa wa ini.

Ulikuwa waya. Wiki tano kabla ya siku hiyo, figo zake zilipogoma, aliwekewa mrija shingoni usiku ili damu yake isafishwe kwa mashine. Ule waya uliotumika kuuongoza mrija ndio uliobaki ndani. Hakuna aliyeutafuta, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba haupo. Mashine yenyewe ilikuwa ikilalamika. Siku zingine ilipiga kelele kwamba damu haitoki vizuri, senje akaambiwa ageuze shingo. Akageuza.

Ilibidi apelekwe hospitali kubwa, mbali na nyumbani, ambako waliuvuta kwa kitanzi kidogo kilichopitishwa kwenye mshipa wa paja. Tuliuza ng'ombe. Tukachanga. Na mimi nikafanya kile ninachojua kufanya. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipoisha, tangu hapo nakula kwa maneno, kwa hivyo nikaandika posti. Nikamtaja daktari. Alikuwa daktari mwanagenzi, umri wangu kabisa. Watu walisambaza kama moto wa nyasi. "Anyang'anywe leseni." "Hawa ndio wanatuulia wazazi." Niliwahi kuandika vitu vizuri zaidi maishani, lakini hakuna nilichoandika kilichosomwa kama hicho.

Sikudanganya neno hata moja. Lakini shabaha niliikosa. Hii makala ni ya kuipinga ile posti, na ya kukupinga wewe uliyeisambaza.

Mama yangu ni fundi cherehani hapa Kakamega mjini. Kila Januari anashona kaptula za shule mpaka macho yanauma. Kama umewahi kutia mpira kwenye kiuno cha kaptula, unajua kazi ilivyo. Unafunga pini kwenye kichwa cha mpira, unakisukuma ndani ya upindo, unakifuata kwa vidole mpaka kitokee upande wa pili. Macho yako yote yako kwa kichwa. Ukisahau mkia, unavutwa, unamezwa, na huna budi kufumua mshono.

Basi mama afanyeje? Hajiambii, "Leo nitakuwa makini." Kabla hajaanza kusukuma, anaubana mkia kwa pini ya pili. Hata akiitwa na mteja, hata akipigiwa simu na mwenye nyumba, mkia hauendi popote.

Sasa shikilia picha hiyo. Mwaka 1953 daktari wa eksirei wa Uswidi, Sven-Ivar Seldinger, alichapisha njia ya kuingiza mrija kwenye mshipa bila kupasua mwili kwa kisu kikubwa. Sindano inaingia mshipani. Damu ikionekana, waya laini unapitishwa ndani ya sindano. Sindano inatolewa, waya unabaki. Tundu linapanuliwa kidogo, halafu mrija unavalishwa juu ya waya, unateleza nao hadi ndani. Mwisho, waya unatolewa. Hiyo ndiyo njia inayotumika mpaka leo dunia nzima, wadi za wagonjwa mahututi, vyumba vya upasuaji, vitengo vya figo. Imeokoa watu wasiohesabika. Senje ni mmoja wao, nalisema hilo wazi.

Hatari iko mahali pamoja. Waya ni mrefu kuliko mrija, kwa hivyo kabla mrija haujaingia ngozini, mkia wa waya unapaswa kuchomoza nyuma ya mrija, ushikwe. Ukisukuma mrija kabla mkia haujatokea, unausukuma waya pamoja nao. Na damu haina upindo wa kufumua. Waya unaweza kukaa kimya miezi, hata miaka. Unaweza pia kuleta damu iliyoganda, kuvuruga mapigo ya moyo, ama kutoboa mahali pasipotoboka bila mtu kufa.

Ukiuliza hospitali nyingi zimeweka kinga gani hapo, jibu ni lile lile ambalo mama hujawahi kumsikia akijiambia: kuwa makini.

Kuwa makini! Saa tisa usiku, mtu mmoja, wagonjwa watatu wamezidiwa, simu inaita, mgonjwa anatapatapa, taa inapepesa. Huyo ndiye unamwambia akumbuke. Na huyo ni nani? Mwaka 2024 madaktari wa nchi hii waligoma siku 56, kuanzia Machi hadi Mei, na moja ya hoja kubwa ilikuwa wanagenzi. Makubaliano ya 2017 yaliwapa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikasema itawalipa 70,000. Mtu tunayembishania mshahara wake mchana ndiye tunayemwachia shingo ya senje usiku, peke yake, halafu tunamshangaa akisahau.

Sisi Wakenya tunapenda sana kichwa cha mtu. Mapema 2018 ilifichuka kwamba Hospitali Kuu ya Kenyatta ilimfungua fuvu mgonjwa asiye mwenyewe. Wanaume wawili, vitambulisho vya mkononi vikachanganywa. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda kichwani, mwingine uvimbe usiohitaji kisu. Daktari akasimamishwa, wenzake wakaandamana, mkurugenzi akatumwa likizo ya lazima. Tukabishana wiki mbili nani afukuzwe. Swali la maana lilikuwa dogo na baridi: ni hatua ngapi zilipita kabla ya kisu, na ni nani katika kila hatua aliyekuwa na kazi ya kuuliza, "Huyu ni nani?"

Dawa ya swali hilo ilikuwepo tayari, na sehemu yake ilijaribiwa hapa jirani. Kati ya 2007 na 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya ukaguzi ya ukurasa mmoja katika hospitali nane duniani. Kulikuwa na London, Toronto, Seattle. Kulikuwa pia na Ifakara, Tanzania. Kabla ya kumlaza mgonjwa usingizi, kabla ya kukata, na kabla hajatoka chumbani, kikundi kinasimama na kusema kwa sauti: huyu ni nani, tunafanya nini, vifaa vimehesabiwa? Matokeo yalichapishwa 2009. Ukizijumlisha hospitali zote nane, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Karatasi moja. Kwa hivyo usiniambie haya ni mambo ya Wazungu wenye pesa. Ifakara ilikuwa mezani tangu mwanzo.

Lakini upasuaji una chumba, una kikundi, una mtu wa kuhesabu pamba. Mrija wa shingo mara nyingi unawekwa kitandani pazia likiwa limevutwa nusu. Unaonekana ni kitu kidogo, ndiyo maana hakihesabiwi.

Wewe unayenisoma kwa simu, fikiria M-Pesa. Watu walikuwa wakituma pesa kwa namba isiyo yenyewe kila siku. Safaricom wangeweza kutuma ujumbe kila Jumatatu: wateja wapendwa, muwe makini na vidole. Badala yake walituletea Hakikisha: jina la mpokeaji linajitokeza kabla pesa haijaenda, na una nafasi ya kusimamisha. Walikubali kwamba vidole vitakosea, wakajenga ukuta mahali vidole hukosea.

Kuna waliofanya hivyo hivyo kwa waya. Madaktari wa hospitali ya King's Lynn, Uingereza, walibuni kisanduku kinachoitwa WireSafe. Uzi wa kushonea mrija na bandeji ya kuufunika vinafungiwa humo, na kisanduku hakifunguki bila ule waya wenyewe, ndio ufunguo. Huwezi kumaliza kazi waya ukiwa ndani ya mtu. Hata uwe umechoka vipi, mikono yako itakwama, na kukwama kutakukumbusha.

Tukikosa kisanduku, pini ya mama inatosha. Moja: mrija usiguse ngozi kabla mkia wa waya haujaonekana na kushikwa, na mkono usiuachilie hadi utoke. Mbili: awepo mtu wa pili, muuguzi, ambaye kazi yake ni kuuona waya umetoka mzima na kulitamka hilo kwa sauti, na ambaye ana ruhusa ya kumwambia daktari asimame bila kuchukuliwa kama mkosa adabu. Tatu: mstari mmoja kwenye fomu. Waya umetoka? Nani ameuona? Sahihi mbili. Na picha ikipigwa baadaye, anayeisoma aulize waya pia, kwa sababu jicho likitumwa kutafuta ncha ya mrija peke yake, linaweza kuupita waya uliolala hapo hapo.

Najua utakachosema. Glavu hazipo, mgonjwa anatumwa nje kununua sindano, na wewe unatuletea hadithi za fomu. Kweli, hazipo, na hilo nalo ni la kupigiwa kelele. Lakini mwaka 2015 serikali ilipata mabilioni ya kukodishia kaunti vifaa vya hospitali, mashine za kusafisha damu zikiwemo. Hakuna mashine ya figo isiyohitaji njia ya kufikia damu ya mgonjwa. Tukinunua mashine bila kununua utaratibu wa kuweka mrija, tumenunua nusu. Na mstari wa wino hauhitaji zabuni.

Mwingine atasema namtetea mzembe. La. Aliyesahau na aliyeficha si watu wa kundi moja. Kwenye faili ya senje, usiku ule, imeandikwa mrija umewekwa, hakuna tatizo. Hilo lingeweza kuandikwa kwa nia safi. Lakini picha ilipotoka na kila mtu akaona, bado hatukuandikiwa barua. Tuliambiwa kwa mdomo, kwenye korido, kwamba "kuna kitu kidogo cha kurekebisha." Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali ya afya yake. Haisemi kwenye korido. Haisemi kitu kidogo. Hasira yetu ingefaa ipelekwe hapo, kwa wakubwa waliokaa na wadi isiyohesabu kitu, halafu wakanyamaza.

Mimi niliipeleka kwa kijana. Nilisikia baadaye kwamba alihamishwa. Labda posti yangu ilichangia, labda la. Ninachojua ni kwamba wiki iliyofuata, wadi ile ile, zamu ile ile ya usiku, daktari mwingine aliweka mrija mwingine, peke yake. Nilimuuliza muuguzi mmoja kama kuna kilichobadilika. Akasema tumeambiwa tuwe makini.

Posti niliifuta. Haikusaidia, wasee walikuwa wameshapiga picha.

Mwezi jana mrija wa senje ulihitaji kubadilishwa. Nilimsindikiza, nikamfundisha njiani, ndani ya matatu, maneno matatu ya kuuliza. Ananiita papa kwa sababu nimebeba jina la baba yake, na akiniita hivyo huwa sikatai kitu. Safari hii yeye ndiye hakukata neno langu. Walipomaliza, kabla ya kufunikwa bandeji, nilimsikia nyuma ya pazia.

"Daktari, waya umetoka?"

Kimya kidogo. Halafu muuguzi akauinua, mrefu, umejikunja, una damu. "Huu hapa, mama."

Senje akauangalia muda mrefu. "Na huo wote ulikaa ndani yangu?"

Muuguzi hakujua ajibu nini. Akachukua fomu, akaandika saa, akaandika upande wa shingo, akatia sahihi. Nilichungulia juu ya bega lake. Hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba ameuona.