Mkanda wa Kijani wa Nani?

Mwanafunzi aliyeanza karate katika mji mdogo wa kando ya barabara ya Mombasa, tuseme Kasikeu au Sultan Hamud, akihamia Nairobi kwa masomo hubeba gi yake, yaani vazi la mazoezi, na mkanda alioutolea jasho. Gi haina shida. Mkanda ndio wenye maneno. Sensei mpya atamtaka aonyeshe kata, yaani mifululizo ya miondoko, anazozijua, atamuuliza alifunzwa wapi na chini ya chama gani, kisha huenda akamwambia aufungue ule wa kijani aanze upya na mweupe. Mzazi aliyelipia kila mtihani uliomfikisha mtoto hapo atataka kujua, tena kwa haki, ni nani aliyemdanganya: mwalimu wa kwanza au wa pili?

Huenda hakuna aliyemdanganya.

Rangi za mikanda hazina mpangilio mmoja duniani. Katika Kyokushin, mtindo ulioasisiwa na Masutatsu Oyama, mwanafunzi hutoka kwenye mweupe akaingia rangi ya chungwa, kisha buluu, njano, kijani, kahawia na mwishowe mweusi. Katika shule nyingi za Shotokan, njano ndiyo rangi ya mwanzo baada ya nyeupe, na buluu huja baada ya kijani. Watoto wawili wenye mikanda ya buluu wanaweza basi kuketi benchi moja, mmoja akiwa bado anafunzwa kusimama sawasawa na mwingine amekaribia kahawia. Hata Shotokan yenyewe haikubaliani: chama cha KUGB cha Uingereza huwapitisha wanafunzi wake kwenye rangi ya chungwa na nyekundu kabla ya kuwafungisha njano.

Tofauti ya rangi ingekuwa jambo dogo kama kinachopimwa kingekuwa kimoja. Mtahiniwa wa Shotokan hupanda ngazi kwa kata za Heian, moja baada ya nyingine mpaka ya tano, kisha Tekki Shodan, na jicho la mtahini huwa kwenye kimo cha msimamo, nyonga na ukali wa pigo. Mwenzake wa Goju-ryu hakutani na Heian hata moja. Yeye ana Gekisai na Sanchin, kata ya pumzi na kukaza mwili ambayo mwalimu huipima kwa kumpigapiga mwanafunzi mabega na mgongo akiwa katikati ya zoezi. Katika Kyokushin, mapambano ni ya ngumi na mateke yanayotua mwilini kwa nguvu zote, na mashirika yake mengi humtaka anayetafuta dan ya kwanza, yaani ngazi ya kwanza ya mkanda mweusi, akabiliane na wapinzani wapatao kumi mfululizo. Mitihani hii mitatu yote ni ya kweli. Lakini anayeshinda mmoja anaweza kuanguka vibaya katika mwingine, na asiwe mvivu wala tapeli.

Wanaodai kwamba mikanda ni mapokeo ya kale ya Okinawa, na kwamba kuihoji ni kuvunja heshima, wanaipa umri isionao. Jigoro Kano, mwasisi wa judo, ndiye aliyetoa dan za kwanza za sanaa za kupigana mwaka wa 1883. Gichin Funakoshi, baba wa Shotokan, aliuazima mfumo huo na kuwapa wanafunzi wake wa karate dan za kwanza Tokyo mwaka wa 1924. Chojun Miyagi, baba wa Goju-ryu, alifariki mwaka wa 1953 bila kumtunuku mwanafunzi wake yeyote dan. Rangi za katikati, hizi zinazowaliza watoto na kuwapendeza wapiga picha, zilishamiri katika klabu za judo za Ulaya miaka ya 1920 na 1930, ambako walimu waliona kwamba wanafunzi wao wanahitaji hatua fupifupi za kuwatia moyo.

Palikuwa na chombo kimoja kilichotaka kuziweka sanaa za kupigana za Japani chini ya paa moja: Dai Nippon Butoku Kai, kilichoundwa Kyoto mwaka wa 1895. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kilivunjwa chini ya utawala wa Wamarekani, mwaka wa 1946, na kila mtindo ukabaki na muhuri wake. JKA, chama kikubwa cha Shotokan, kilizaliwa mwaka wa 1949. Mwalimu wake mmoja, Hirokazu Kanazawa, akatoka humo na kuunda chama chake, SKIF, miaka ya 1970. Mwalimu mkuu wa JKA, Masatoshi Nakayama, alipofariki mwaka wa 1987, warithi wake waligawanyika hadi wakafikishana mahakamani.

Karate iliingia Afrika Mashariki na migawanyiko hiyo. Dar es Salaam, Goju-ryu ilijengwa miaka ya 1970 na Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, na wanafunzi wake wakaendelea kutazama Okinawa kama chimbuko lao. Nchini Kenya, dojo mbili zenye neno Shotokan ukutani zinaweza kupata vyeti vyake vya dan kutoka makao makuu mawili tofauti ya Japani, au zisivipate kutoka popote. Sheria ya Michezo ya mwaka wa 2013 ilileta Msajili wa Michezo na jopo la kusuluhisha migogoro. Inashughulikia usajili, katiba na uchaguzi wa vyama. Haisemi mkanda wa kijani unapatikanaje, na si kazi yake kusema.

Kwa hiyo lawama ya kwamba shule hazifanani inalenga pasipofaa. Tatizo ni kwamba katika dojo nyingi mtu mmoja hufundisha, hutahini, hupokea ada ya mtihani, huuza mkanda na kutia sahihi cheti. Mwalimu wa Hisabati wa sekondari ya Kasikeu hawasahihishii wanafunzi wake mwenyewe karatasi ya KCSE. Baraza la Mitihani hufanya hivyo, na ndiyo maana gredi ya B iliyopatikana Makueni inasomeka vilevile Lodwar na Lamu. Hakuna anayeuona utaratibu huo kuwa tusi kwa mwalimu.

Kwenye karate, ngazi kumi za kyu, zile za kabla ya mkanda mweusi, maana yake ni ada kumi, na mkanda wenye mstari katikati ni ada nyingine. Sensei anayemwambia mtoto arudi baada ya miezi mitatu anaweza kumpoteza kwa jirani asiyefelisha mtu. Ni rahisi kuwaita walimu wa namna hiyo wachuuzi wa mikanda, na wachuuzi wapo kweli. Lakini mwalimu wa mji mdogo anayefunza jioni katika darasa la kuazima, kwa wanafunzi ambao baadhi yao hawalipi, hana mshahara mwingine wa kumfanya awe mkali bila hofu. Dawa yoyote isiyomfikiria huyo itaishia Nairobi.

Wapo wanaotaka dawa ya nguvu: mtaala mmoja wa taifa, rangi moja, mtihani mmoja. Hutolea mfano taekwondo, ambako dan zinazotambuliwa hutoka Kukkiwon ya Seoul, taasisi iliyofunguliwa mwaka wa 1972, na watoto wasiofika miaka 15 hupewa poom badala ya dan, ili mtoto wa miaka kumi asichukuliwe kuwa sawa na mtu mzima. Mfumo huo una usafi wake. Ila taekwondo ya Kukkiwon inasimama juu ya mtaala mmoja, ilhali karate haijawahi kuwa nao. Kumlazimisha mtu wa Goju-ryu atahiniwe kwa Heian ni kuufuta mtindo wake kwa jina la kuupima.

Kwenye mashindano, karate imeshalitatua tatizo hili kwa kulikwepa. Chini ya kanuni za Shirikisho la Karate Duniani, WKF, wapiganaji huingia uwanjani mmoja akiwa na mkanda mwekundu na mwingine wa buluu, na mikanda hiyo haisemi lolote kuhusu daraja la mtu. Hata mapambano ya karate katika Olimpiki ya Tokyo yalipiganwa hivyo. Kama mkanda wa darasani si sarafu ya kimataifa, basi ni neno la shule kuhusu mwanafunzi wake, na neno hilo linaweza kuandikwa kwa namna ambayo mtu mwingine ataweza kulisoma.

Kuliandika hakuhitaji fedha nyingi. Kila dojo ibandike ukutani inachotaka kwa kila ngazi: kata, mapigo, mapambano, umri na muda wa chini kati ya mtihani na mtihani, pamoja na ada zake zote kuanzia mweupe hadi mweusi. Cheti kitaje mtindo, chama, namba ya kyu na jina la mtahini, kwa kuwa kyu ya 6 hueleza mengi kuliko neno kijani. Kuanzia mkanda wa kahawia, asiwepo mwalimu anayewapandisha wanafunzi wake peke yake. JKA huwapa watahini wake leseni za madaraja, kutoka D hadi A, kwa hiyo wazo la kumpima anayepima si geni. Mahali pasipo na mtahini wa namna hiyo, walimu wa Makueni, Machakos na Kajiado wanaofuata mtindo mmoja wanaweza kuwatahini wanafunzi wa wenzao kwa zamu, kwa nauli ya matatu tu.

Mwanafunzi anayehama asivuliwe mkanda siku ya kwanza. Akibadilisha mtindo, aendelee kuuvaa huku akijifunza kata mpya, na mtihani wake wa kwanza katika dojo hiyo ndio uamue anastahili ngazi ipi. Akihama ndani ya mtindo uleule, mwalimu anayemshusha amwandikie mzazi sababu: kata gani haijui, msimamo gani haujakaa. Barua ya mistari mitano inatosha, nayo itamfaa hata mwalimu wa kwanza akitaka kujua wapi amelegeza.

Serikali ya kaunti inayotoa ukumbi au vifaa kwa klabu za michezo inaweza kuanza na sharti dogo kabisa, kwamba klabu ya karate ionyeshe mtaala wake na orodha ya ada kabla ya kupewa funguo. Wazazi nao wana nguvu ambayo hawajaitumia. Kabla ya kulipia mtihani ujao, waulize ni nani atakayetahini, kama amewahi kumfelisha mtu, na cheti kitakachotoka kinatambuliwa na nani nje ya lango la dojo hiyo.