Aliyepiga msasa fimbo yetu ya pool ajitokeze

Najua niliahidi kuendelea na stori ya mazoezi ya ufundishaji, lakini itasubiri. Leo nina hasira, na nisipoandika sitalala.

Mnakumbuka bumu lilipoingia tulichanga watu watano tukanunua fimbo yetu ya pool, tukaiacha pale Njoro tunapochezea jioni. Fimbo za mwenye meza zilishapinda, unalenga kona mpira unakwenda katikati. Jana nafika, naishika yetu: imekonda kuelekea ncha, mikwaruzo mitupu, na ile rangi yake ya kung'aa imekwenda. Kuuliza, naambiwa kuna jamaa aliona inanata, akaazima msasa kwa fundi seremala, akaisugua. Msasa wa milango jamani! Na watu wakampongeza eti sasa inateleza.

Inateleza leo. Subirini wiki mbili.

Fimbo inanata kwa sababu ya mikono yetu. Unakula chipsi mayai, unafuta vidole kwenye jinzi, unashika fimbo. Mafuta na jasho vinachanganyika na chaki na vumbi hili la Moshi, linakuwa gundi. Uchafu huo unakaa juu tu, kwa sababu mbao imepakwa vanishi au nta kuziba vitundu vyake. Ukipitisha msasa umeondoa uchafu, sawa, lakini umeondoa na kinga. Vitundu viko wazi, vinakunywa jasho kuliko mwanzo. Itanata haraka zaidi, na wewe utarudi kwa fundi. Kila safari unakula mbao. Fimbo nyingi ncha yake ina milimita kati ya 9 na 13 hivi, sasa utapunguza mara ngapi kabla haijaanza kuyumba ukipiga kwa nguvu?

Wengine mnajiona wastaarabu, mnapaka poda ya watoto. Ikikutana na jasho inakuwa uji, halafu inahamia kwenye kitambaa cha meza. Wengine mnaleta chaki za ubaoni kutoka shule za mazoezi (najijua na mimi nimo, nisameheni). Ile ya buluu si chaki kama yetu. Wamarekani William Spinks na William Hoskins waliipatia hataza mwaka 1897, na ina silika na chembe za kukwaruza ili ngozi ya ncha ishike mpira. Kwa hiyo ipake kwenye ngozi tu. Ukiisambaza kwenye mbao na kiganjani umejipigia msasa bila kujua.

Dawa haina gharama. Nawa mikono. Ukimaliza gemu, futa fimbo kwa kitambaa kikavu, nusu dakika inatosha. Mara moja kwa wiki chukua kitambaa kilichokamuliwa kweli kweli, pitisha haraka kwa urefu wa fimbo, halafu hapo hapo kausha kwa kingine. Usiiloweke wala usiioshe na sabuni ya unga, mbao ikinywa maji inavimba na kupinda. Mwisho sugua kwa nguvu na kitambaa kikavu mpaka usikie joto. Ukiwa na nta kidogo, paka, futa. Na usiiegemeze ukutani kwa mshazari siku nzima, hasa masika unyevu ukizidi. Ilaze, au isimamishe wima kwenye kishikio.

Nimeshasikia utetezi. Wa kwanza: "Mwenye meza ndiye atengeneze." Kweli, anakula mia tano zetu kila gemu na kitambaa hajabadilisha, huyo naye ana kesi yake. Lakini fimbo hii tulinunua sisi. Wa pili: "Pool ni mchezo wa wahuni, unahangaikia nini?" Mwanzoni mwa miaka ya 2010 vyuo vikuu nchini vilikuwa na mashindano yao ya pool, yakidhaminiwa na bia ya Safari. Huwezi kufika huko na fimbo iliyochongwa kama mwiko wa ugali.

Kinachoniuma zaidi, sisi ni walimu watarajiwa. Kesho utakabidhiwa maabara yenye darubini mbili kwa wanafunzi mia. Kikichafuka kitu utakisugua mpaka kiishe, kisa ni cha wote? Kitu cha watu watano kimetushinda, cha shule nzima tutakiweza?

Kwa jamaa mwenyewe: sikudai hela. Ninachotaka uje useme ni wewe, kisha tuipake vanishi upya pamoja. Jumamosi saa kumi nipo pale na vitambaa viwili. Msasa mrudishie fundi.

Nawasilisha.