MASHAURI YA NYUMBANI: Mbwa Atakuwa wa Nani?



Mwezi huu twajibu swali lililotufikia kutoka Kasense, karibu na mji wa Sumbawanga. Baba mmoja mwenye watoto 4 atuuliza kama yafaa alete mbwa nyumbani. Asema wezi wamemchukulia kuku mara mbili, na kicheche amemmalizia vifaranga. Jirani yake ana watoto wa mbwa, naye yu tayari kumpa mmoja bure. Lakini mama watoto hataki. Mwisho wa barua aliandika kwamba tafadhali tuseme naye.

Neno hilo la mwisho lilitushangaza kidogo, maana tuliona kwamba hakutaka tumshauri yeye, bali tumshinde mkewe kwa niaba yake. Basi hatukuandika jibu upesi. Tulifunga safari, tukaenda kuwasikiliza wote wawili.

Tulifika alasiri, katika mwezi wa sita, wakati baridi ya Ufipa inapompenya mtu hata mifupani, kwa kuwa nchi ile i juu sana, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Tulikaribishwa jikoni, tukaketi karibu na moto. Baba akaanza kutueleza faida za mbwa. Alisema kwamba mwizi hupenda nyumba iliyo kimya. Kwamba mbwa huwafukuza ngedere shambani mahindi yanapokomaa. Na kwamba mbuzi wasindikizwao na mbwa hawapotei ovyo. Maneno hayo ni ya kweli, wala hatukuweza kuyakana. Mbwa alikaa na mwanadamu tangu zamani sana, kabla ya ng'ombe na mbuzi. Hata katika habari za Tobia twasoma kwamba kijana yule alipokwenda safari yake, mbwa alifuatana naye.

Mama alikuwa akichagua maharage, hakusema neno. Tulipomwuliza, aliweka ungo chini, akajibu kwa upole:

“Wazee wangu, baba watoto huondoka mvua zinapoanza, hushuka bondeni Rukwa kulima mpunga, naye hurudi mpaka mavuno yamekwisha. Miezi hiyo yote mimi nipo hapa na watoto. Mbwa huyo atapikiwa na nani? Akiugua, atapelekwa na nani? Akimwuma mtoto wa jirani, ni nani atakayeitwa barazani? Baba watoto asema analeta mbwa wake. Mimi naona analeta mbwa wangu.”

Baba akanyamaza, akachochea moto. Ndipo mama akatueleza jambo ambalo hata mumewe hakuwa amelisikia lote. Kwao alikozaliwa, mtoto wa dada yake aliumwa mkononi na mbwa wa nyumbani aliyezoea kucheza naye. Jeraha lilikuwa dogo. Walilipaka majivu, likapona. Miezi miwili ikapita, watu wakasahau. Kisha mtoto akapata homa, akaanza kuogopa maji, hata kikombe kikiletwa karibu alitetemeka. Wakamkimbiza hospitali, lakini wakati ulikuwa umekwisha pita. “Siogopi kubweka kwake,” akasema, “naogopa kusahau kwetu.”

Wasomaji wetu, hapo tuliona kwamba swali la barua halikuwa swali lenyewe. Mtu asiulize kwanza kama mbwa ni mnyama mwema au mbaya. Aulize mbwa huyo atakuwa wa nani. Yaani, ni nani atakayebeba kazi yake kila siku, mvua inyeshe, jua liwake. Mtu huyo ndiye apaswaye kukubali au kukataa, maana kumtwika mwenzako mzigo kisha kuuita zawadi si haki. Wala haitoshi kusema kwamba mbwa ni wa mtoto. Mbwa akitunzwa vema aweza kuishi miaka 10 na zaidi, na kijana wa miaka 11 leo atakuwa ameondoka nyumbani kabla ya mbwa wake kuzeeka.

Basi, pamoja na wazazi wale, tulihesabu kazi hizo moja moja. Twaziandika hapa kwa faida ya wote.

Ya kwanza ni chakula. Wengi wetu hudhani kwamba mbwa atajitafutia. Lakini mbwa ajitafutiaye ndiye aibaye mayai ya jirani na kula uchafu jalalani. Tuseme apewa unga wa mahindi gramu 300 tu kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 9, na kwa mwaka ni zaidi ya kilo 109, yaani gunia la kilo 100 na ziada. Tena ugali mtupu haumtoshi. Yafaa utiwe dagaa au mabaki ya kitoweo. Nanyi jihadharini na jambo hili: mchinjapo kondoo au mbuzi, msimtupie mbwa maini au mapafu mabichi yenye malengelenge. Humo mna vijidudu vya tegu, ambavyo hukua tumboni mwa mbwa, kisha mayai yake hutoka katika kinyesi chake na kumwingia mtu kwa mikono isiyonawiwa.

Ya pili ni malazi. Mbwa naye husikia baridi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yamtaka mwenye mnyama amtunze ipasavyo, wala asimtese. Kibanda kidogo chenye paa, kilichoinuliwa kidogo kutoka ardhini, hakina gharama kubwa. Mbwa afungwaye kamba fupi mchana kutwa pasipo maji huwa mkali kwa uchungu, na siku akatapo kamba huuma wa kwanza amwonaye.

Ya tatu ni uzazi. Mbwa jike hubeba mimba siku 63 hivi, kisha huweza kuzaa watoto 6 na zaidi kwa mara moja. Watu wengi huchukua madume, na majike hutupwa porini wangali hawajafumbua macho. Hiyo si kazi ya watu wenye huruma. Asiyeweza kuwapatia watoto hao makao, na amwulize bwana mifugo habari za kumhasi mbwa wake mapema.

Ya nne ndiyo kubwa, nayo ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka ulimwenguni, na katika kila watu 10 wanaokufa, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote waliupata kwa mbwa. Dalili zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna aponaye. Walakini ugonjwa huu wazuilika kabisa, na jambo hili limejulikana tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja huko Ufaransa mtoto wa miaka 9, jina lake Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule akaishi hata akawa mtu mzima.

Wala tusiseme kwamba hayo ni ya Ulaya tu. Katika kisiwa cha Pemba mbwa walichanjwa kwa wingi, ugonjwa ukatoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarudi. Wakachanja tena kwa bidii, na mwaka 2018 ukakoma mara ya pili. Twajifunza nini? Twajifunza kwamba chanjo yafaa, na ya kwamba anayelegea hurudishiwa adui mlangoni. Wataalamu husema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kwa hiyo siku ya chanjo itangazwapo mtaani, mpeleke mbwa wako, na watoto wa mbwa pia, na kila mwaka urudie. Mbwa wako mmoja asiyechanjwa ni ufa katika ukuta wa kijiji kizima.

Na mtu akiumwa, au akiparuzwa tu, afanyeje? Aoshe jeraha mara moja kwa maji mengi yatiririkayo na sabuni, dakika 15 kamili. Asitie majivu, wala mafuta, wala majani. Kisha aende hospitali siku ile ile apate chanjo, naye amalize sindano zote atakazoagizwa. Asidanganyike kwa sababu jeraha ni dogo au limepona, kwa maana ugonjwa huu waweza kujificha majuma mengi, mara nyingi miezi 2 au 3. Habari za mbwa apewe bwana mifugo. Mbwa akiweza kufungwa pasipo hatari, na aangaliwe siku 10, lakini mtu asingojee siku hizo ziishe ndipo aende hospitali.

Ninyi walimu, twawaomba mliseme jambo hili darasani mara kwa mara. Wafundisheni watoto kwamba mbwa mpole aliyegeuka mkali ghafula, au mbwa mkali aliyekuwa mpole mno na kujificha gizani, au mbwa atokwaye na mate na sauti yake imekauka, asikaribiwe. Zaidi ya yote, wafundisheni kwamba mtoto aliyeumwa asifiche kwa kuogopa kuchapwa. Kiboko cha mzazi kimewafanya wengine wanyamaze, nao walionyamaza hawakurudi shuleni.

Twarudi kwa wenyeji wetu wa Kasense. Jua lilipokuwa linakuchwa, baba alimwambia mkewe mbele yetu: “Mama watoto, niliandika barua vibaya. Ilinipasa nikuulize wewe kwanza.” Mama akacheka kidogo, akasema kwamba naye hamchukii mbwa, usiku wa masika peke yake angependa sana kusikia sauti mlangoni. Kisha akaweka masharti yake. Mtoto wa mbwa abaki kwa mama yake mpaka atimize majuma 8. Baba ajenge kibanda, atengeneze na mlango wa banda la kuku, maana mbwa hafanyi kazi ya komeo. Atenge gunia moja la mahindi lisiloguswa kwa kuuza. Na chanjo ampeleke yeye mwenyewe, kabla hajashuka bondeni.

“Hayo yakiwapo kabla ya mvua, mbwa na aje,” alisema. “Yasipokuwapo, asije, na mtu asinililie.”

Baba alikubali. Tulipoaga, alikuwa amekwisha kutoka na taa, anapima kwa hatua mahali pa kibanda.

Basi nawe msomaji, ukiwa na shauri kama hilo, usianze kwa kwenda kumtazama mtoto wa mbwa, maana ukimwona tu macho yake yatakushinda. Anza jikoni, pamoja na yule atakayemlisha. Majuto ni mjukuu, huja kinyume.

Kwaherini hata mwezi ujao.