Uhalali wa Kubadili Chaguo-Msingi: Mfano wa Kiini cha Linux

Istilahi "chaguo-msingi", inayotaja hali ambayo programu huifuata pale mtumiaji asipotoa agizo lolote, inaficha jambo moja muhimu. Ndani yake mna neno "chaguo", ilhali mtumiaji huyo hakuchagua chochote, amechaguliwa. Kwa hiyo anayetaka kubadili chaguo-msingi hatakiwi kuonyesha tu kwamba hali mpya ni bora. Anatakiwa pia kueleza itakuwaje kwa wale ambao hawatajua kamwe kwamba kitu kimebadilishwa.

Mfano unaofaa ni badiliko la mwaka 2009 katika kiini cha Linux, yaani ile sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia kumbukumbu, diski na vifaa vingine vya kompyuta. Kwa desturi ya mifumo ya Unix, ambayo baadaye iliingizwa katika kanuni za POSIX, kila faili lilibeba alama ya wakati liliposomwa mara ya mwisho. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo: kusoma kulizaa kuandika. Aliyeyapitia mafaili elfu moja kwa kuyasoma tu aliilazimisha diski hatimaye iandike upya taarifa za mafaili yote hayo. Mwaka 2007 Ingo Molnar, mmoja wa wajenzi mashuhuri wa kiini hicho, aliuita utaratibu huo kasoro kubwa kuliko zote katika utendaji wa diski chini ya Linux.

Hoja ya kasi ilikuwa nzito, lakini peke yake haikutosha, kwani zilikuwapo programu zilizoitegemea alama hiyo. Mutt, programu ya kusomea barua-pepe, ililinganisha wakati wa kusomwa na wakati wa kubadilishwa kwa sanduku la barua ili kutambua barua mpya. Tmpwatch nayo ilifuta mafaili ya muda yasiyoguswa kwa kipindi fulani. Kuiondoa alama kabisa kungeweza kuivuruga Mutt katika kutambua barua mpya, na kuifanya tmpwatch ifute faili linalosomwa kila siku.

Tangu toleo la 2.6.20 la mwaka 2007 ulikuwapo utaratibu wa kati, relatime: alama iandikwe tu ikiwa faili limebadilishwa tangu liliposomwa. Huo ulimfaa mwenye Mutt, si mwenye tmpwatch. Ndipo Matthew Garrett alipoongeza sharti kwamba alama iandikwe pia ikiwa saa 24 zimepita. Katika toleo la 2.6.30 utaratibu huo ukawa chaguo-msingi, na neno strictatime likawekwa kwa anayetaka desturi ya zamani. Sharti hilo dogo la saa 24 ndilo lililolipa badiliko uhalali, kuliko vipimo vyote vya kasi.

Waweza wapo watakaosema kwamba wasimamizi wa mitambo walikwisha kuwa na uwezo wa kuizima alama wenyewe, na kwamba chaguo-msingi lingeachwa lilivyo. Hoja hiyo inamtetea mjuzi peke yake; wenye kompyuta wengi hawajapata kulifungua faili la mipangilio ya diski hata mara moja. Pingamizi la POSIX lina uzito zaidi. Programu inayohitaji wakati kamili wa kila usomaji sasa hupewa jibu lisilo sahihi bila onyo lolote, na mwenye programu hiyo ndiye anayepaswa kuligundua neno strictatime.