Bingwa Akishika Bunduki, Shirikisho Linasema Nini?

Vijana wa Machakos wanaofuata mpira wa kikapu wanakijua kisa cha Ja Morant nje ndani. Machi 2023, nyota huyo wa Memphis Grizzlies alijionyesha mtandaoni akiwa na bastola katika klabu ya usiku karibu na Denver, NBA ikamfungia mechi nane. Mei akarudia, mara hii akiwa ndani ya gari. Adhabu ikapanda hadi mechi 25. Hakuna mahakama iliyokuwa imemtia hatiani. Ligi yenyewe iliamua kwamba mchezaji wake hawezi kuchezea bunduki mbele ya watoto wanaovaa jezi yake, na mshahara wa mechi hizo ukaenda na maji.

Ubishi wa kisa hicho ni mtamu kwa sababu ni cha Marekani. Cha Kenya hakizungumzwi sana, ingawa ni kizito zaidi.

Agosti 2008, Samuel Wanjiru aliwaacha wenzake kwenye joto la Beijing, akawa Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, kwa muda wa saa 2:06:32. Alikuwa na umri wa miaka 21. Desemba 2010 alikamatwa Nyahururu, akashtakiwa kwa kutishia kumuua mkewe, kumjeruhi mlinzi na kumiliki bunduki aina ya AK-47 kinyume cha sheria. Aliyakana mashtaka hayo. Februari 2011 mkewe aliondoa malalamiko na wawili hao wakatangaza kupatana, lakini shtaka la bunduki likabaki. Tarehe 15 Mei mwaka huo Wanjiru alianguka kutoka roshani ya nyumba yake, akafariki akiwa na miaka 24.

Silaha ya aina hiyo raia wa Kenya hapewi leseni yake, hata awe na medali ngapi. Hata hivyo, mjadala uliofuata ulihusu ndoa, pombe na fedha za ghafla. Iliposemwa kwamba mke na mume wamepatana, wengi walishusha pumzi, kana kwamba bunduki nayo ilikuwa imepatanishwa.

Wapo watakaosema bunduki si tatizo la riadha ya Kenya, na wana hoja. Agnes Tirop, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee Septemba 2021, aliuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten mwezi uliofuata. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji, akakana. Aprili 2022 mwanariadha Damaris Mutua alipatikana ameuawa, pia huko Iten. Septemba 2024, Rebecca Cheptegei wa Uganda alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Endebess, kaunti ya Trans Nzoia, aliporudi kutoka kanisani. Wiki chache kabla alikuwa amekimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris. Alifia hospitalini Eldoret siku nne baadaye. Wazazi wake walisema vitisho vilikuwa vimeripotiwa kwa polisi.

Kisu, petroli, bunduki: chombo kinabadilika, lakini kitisho hutangulia. Ndiyo maana swali la Wanjiru lingali hai. Shirikisho la michezo linapaswa kuchukua hatua wakati gani: kitisho kinaporipotiwa, au jeneza linaposhushwa?

Jibu la kawaida ni kwamba hayo ni mambo ya nyumbani, au ya polisi. Lakini mchezo wa Kenya umeshazoea kuingia nyumbani kwa mwanariadha. Mwaka 2016, Kenya ilipokodolewa macho na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli, kabla ya Olimpiki ya Rio, Bunge lilipitisha sheria ya kupambana na dawa hizo. Leo mwanariadha wa ngazi ya juu aliye kwenye orodha ya kupimwa hueleza mahali anapolala, na kila siku hutaja saa moja ambayo mpimaji atamkuta. Akikosekana mara tatu ndani ya miezi 12, anaweza kufungiwa. Wakuu wa mchezo wanajua mlango wa kugonga saa kumi na moja alfajiri kutafuta mkojo, lakini hawaulizi kama aliye nyuma ya mlango huo anatishiwa kuuawa.

Hali ni hiyohiyo viwanjani. Siku ya mechi kubwa katika Uwanja wa Kenyatta mjini Machakos, polisi husimama langoni, mifuko ikapekuliwa na chupa zikaachwa nje. Shabiki wa jukwaani anakaguliwa zaidi kuliko kocha, wakala au mume anayeshika pesa za mkimbiaji.

Kuna hofu ya haki: mtu asihukumiwe kwa uvumi. Lakini utaratibu upo tayari. Anayepatikana na dawa husimamishwa kwa muda huku kesi yake ikisikilizwa. Hatua hiyohiyo ingemfaa mwanariadha, kocha au wakala aliyefunguliwa mashtaka ya kutishia maisha au kumiliki silaha haramu. Baada ya kifo cha Tirop, wanariadha wenzake, wakiwemo Viola Lagat na Joan Chelimo, waliunda Tirop's Angels kusaidia waathiriwa. Kazi hiyo ilipaswa kuwa na afisa, simu na bajeti ndani ya shirikisho.

Kaunti ya Machakos ilimlea Patrick Makau wa Kangundo, aliyevunja rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin 2011, na wengine watatoka huko. Ili hao walindwe, shirikisho la riadha, Athletics Kenya, liandike kanuni ya kuwasimamisha kwa muda walioshtakiwa hivyo kabla ya kuteua timu nyingine ya taifa, na Wizara ya Michezo ikatae kugharimia shirikisho lolote lisilo nayo.