Kiungo Atoke Wapi?
Jumapili jioni, nje ya Uwanja wa Bukhungu mjini Kakamega, mwendesha bodaboda mmoja alipanga vizibo kumi na kimoja vya soda juu ya kiti cha pikipiki yake, kisha akakiondoa cha katikati. "Hapa ndipo Ingwe inapoumia, mzee," akaniambia. "Tukipoteza mpira hapa, straika anabaki kuwa mtazamaji." Hapo hatukubishana. Moto uliwaka tulipoulizana kiungo wa kujaza nafasi hiyo atoke wapi. Wenzake walitaka Ingwe, yaani AFC Leopards, imsajili mchezaji aliyekomaa, Mganda au Mkongo, maana wamechoka kungoja: klabu ilipotwaa ligi mara ya mwisho, mwaka 1998, wengi wao hawakuwa wamezaliwa. Uchungu wao naujua vizuri. Lakini mimi nasema mchezeshaji alelewe. Kuusoma mchezo, kuinua kichwa kabla mpira haujafika mguuni, ni mambo ya miaka, na klabu inayobadilisha kiungo kila dirisha la usajili humwondoa kijana kabla hajawazoea wenzake. Shule ya Kakamega, yenye timu ya soka ya Green Commandos, ipo hapa hapa mjini. Shule ya Musingu nayo haiko mbali. Vijana wa shule hizi wachukuliwe wawili kila mwaka, walipwe kwa wakati, wapewe misimu mitatu, na tuwavumilie wakikosea pasi. Hilo la mwisho ndilo gumu kwetu mashabiki, nami nimo. Yule kijana wa boda alinyamaza kidogo, akakichukua kile kizibo, akakirudisha katikati. "Mitatu ni mingi, mzee," akasema. "Mpe miwili."